Unatafuta mbwa Kigoma? Kabla hujaenda kubeba kitoto Kibirizi pitia huu uzi (mrefu kidogo)

Wakuu salaam, wakubwa wote humu shikamooni.

Kila baada ya muda naona mtu anauliza humu mbwa wa ulinzi Kigoma anapatikana wapi, na majibu ni yale yale, nenda Kibirizi kule wanakoanika dagaa vitoto vipo kibao unajibebea tu, au tafuta mtu anayeuza chotara wa kizungu mpe hela yake. Leo naomba niwaelezee njia nyingine ambayo wengi hapa mjini hawaijui kabisa, nayo ni kumchukua mbwa kupitia kikundi cha watu wanaojitolea. Hawana kituo, hawana ofisi, hawana bango barabarani, mbwa wanakaa majumbani kwao, huyu ana mmoja, yule ana wawili, mpaka apatikane mtu wa kumchukua moja kwa moja. Mimi mbwa wangu nilimpata kwa njia hiyo na sasa hivi na mimi napokea wengine nyumbani kwa muda, kwa hiyo naongelea kitu nakifahamu nikiwa upande wa kuomba na nikiwa upande wa kutoa. Jina la kikundi na namba za watu siweki hapa, ni watu wachache wenye familia na kazi zao, nikiweka tu kesho asubuhi mtu anakuta boksi la vitoto vya mbwa limeachwa getini kwake.

Kwanza tuelewane hawa mbwa wanatoka wapi. Kigoma ni mji wa watu kuja na kuondoka. Mtumishi anahamishwa, barua imekuja leo wiki ijayo anatakiwa kuripoti Lindi au Mara, vyombo vinapakiwa, mbwa anaachwa kwenye uwanja wa nyumba ya kupanga na mpangaji mpya anamkuta pale hajui hata jina lake. Wapo wa mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi huko Kasulu na Kibondo, mtu amekuja kwa mkataba, kafuga mbwa kampenda kweli, mkataba umeisha anaondoka nchini, mbwa anabaki na mlinzi ambaye naye kazi imeisha siku hiyo hiyo. Halafu wapo waliozaliwa mwaloni, Kibirizi, Katonga, wanaokulia kwenye utumbo wa samaki na dagaa wanaodondoka, hawa hawajawahi kuwa na mtu. Na wapo wale wanaozaliwa kila mara kwa sababu majike ya mtaani hayajafungwa kizazi. Mimba ya mbwa ni siku kama 63 tu, miezi miwili na kidogo, jike moja likiachwa hivyo hivyo mtaa mzima unajaa.

Sasa kwa nini nasema hii njia ya nyumba kwa nyumba ni nzuri kuliko hata kuwa na kituo kikubwa chenye mabanda, na hapa ndipo naomba msome taratibu. Mbwa akiwa kwenye banda pamoja na wenzake ishirini wanabweka kutwa, hakuna anayejua yuko vipi kwenye nyumba ya watu. Anayelala pembeni amenyong'onyea anaweza kuwa mpole au anaweza kuwa ameganda kwa hofu tu, huwezi kujua. Aliyekaa nyumbani kwa mtu wiki kadhaa anajulikana. Anajulikana anakulaje, analalaje, mtoto akipita anakimbia anafanya nini, mgeni akigonga geti anafanya nini, umeme ukikatika anafanya nini.

Nitawapa mfano wa huyu wangu, anaitwa Shaba, jike, rangi ya shaba kweli. Alikuwa analelewa na mama mmoja mstaafu wa Katubuka ambaye ana kuku na bustani ya mchicha nyuma ya nyumba. Nilipoenda kumuona mbwa yule mama hakunipa mbwa, alinipa mkeka nikae, akaingia ndani akatoka na daftari, lile la shule kabisa lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akavaa miwani akaanza kunisomea. Huyu mbwa, mwanangu, fagio anaogopa, ukitaka kufagia uwanja mpeleke kwanza nyuma ya nyumba. Akila usimsimamie, weka bakuli uondoke zako. Kuku wangu hawagusi, ila paka wa jirani hapana, wakikutana ni vita. Zile bodaboda zilizotobolewa ekzosi anazibwekea mpaka zipotelee barabarani. Usiku analala mlangoni, ukimfungia bandani analia hadi alfajiri. Tarehe za dawa ya minyoo zimeandikwa, siku aliyoharisha imeandikwa na alichokula siku hiyo kimeandikwa, yaani kila kitu. Nikamuuliza mama, hilo la fagio limetokana na nini, akasema alipokuwa kabla ya hapa walikuwa wanampiga nalo, akafunga daftari akanyamaza.

Mimi nyumbani nina watoto na nafagia uwanja kila siku asubuhi. Fikiria ningempata huyo mbwa barabarani bila hilo daftari, siku ya kwanza tu nimeshika fagio mtoto wangu yuko karibu, mbwa kaogopa kajihami, ameng'ata. Watu wangesema mbwa mkali auawe. Kumbe mbwa hana tatizo lolote, ni taarifa tu ilikosekana.

Na sisi watu wa Kigoma tusiseme hili ni jambo geni kwetu. Hapo Gombe tu, mwendo wa boti kutoka hapa, mtafiti Mwingereza Jane Goodall alianza Julai 1960 kufanya kitu cha namna hiyo hiyo kwa sokwe, kukaa na kumwangalia mmoja mmoja, kumpa jina badala ya namba, kuandika kwenye daftari anachofanya mpaka tabia yake ijulikane. Na mwenyewe alikuwa anasema mara nyingi kwamba aliyemfundisha mwanzo kabisa kuwa wanyama wana akili na hisia alikuwa mbwa anaitwa Rusty, enzi zake akiwa msichana Uingereza. Yule mama wa Katubuka hajawahi kukanyaga Gombe lakini anafanya kazi ile ile kwenye kibaraza chake.

Haya, utaratibu wenyewe sasa. Unaanza kwa kujieleza, wengine wana fomu, wengine wanakuuliza kwa meseji au wanakupigia simu. Maswali ni mengi na najua yanawakera watu, nimeshasikia mtu akisema mbwa tu naulizwa kama naoa. Lakini kila swali lina mbwa nyuma yake aliyerudishwa au aliyekufa. Wanauliza nyumba ni yako au umepanga, na kama umepanga mwenye nyumba amekubali kwa mdomo wake mwenyewe, maana mwenye nyumba akisema toa huyo mbwa nyumba yangu utaitoa familia au mbwa? Wanauliza uwanja una fensi ya aina gani, matete, miti, ukuta, kwa sababu mbwa wa mwaloni anapita kwenye matete kama hayapo. Wanauliza nani anashinda nyumbani, ukienda msibani Kasulu ukalala huko nani anampa maji, na swali ambalo mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote hapa kwetu: ukihamishwa kikazi utamfanyaje. Jibu sahihi sio lazima useme utakwenda naye. Jibu linalotakiwa ni kweli. Ukisema sina uhakika lakini nitawarudishia, hilo wanalipokea.

Baada ya hapo wanakuja nyumbani kwako. Hawaji kuangalia kama una sofa. Wanaangalia geti linafunga, kivuli kipo saa saba mchana, maji yatakaa wapi, sumu ya panya umeweka wapi. Hii ya sumu ya panya msiichukulie poa, mbwa wengi sana mtaani wanakwenda kwa hiyo, ama kala sumu yenyewe ama kala panya aliyekula sumu. Wakiridhika unakwenda kumuona mbwa kwa mlezi wake, bora uende na familia nzima, watoto wawepo, na kama una mbwa mwingine nyumbani wakutanishwe nje kwanza sehemu ambayo si ya yeyote kati yao. Wengine wanakupa muda wa majaribio kabla ya kusaini.

Kwenye makubaliano kuna kipengele kimoja ambacho ndicho moyo wa jambo lote, nacho ni kwamba ukishindwa mbwa anarudi kwao, humuuzi, humgawi kwa shemeji, humwachi sokoni. Iwe ni baada ya wiki moja au miaka mitano. Watu wengi wanasaini bila kukielewa halafu baadaye wanaona aibu kumrudisha, wanamgawa kimya kimya. Jamani rudisheni, hakuna atakayewasema. Kibaya ni kikundi kikipigiwa simu kuwa yule mbwa wenu anazunguka stendi mifupa imetoka.

Kuna mchango unatoa. Sio bei ya mbwa. Ni kurudisha kile kilichotumika, chanjo, dawa ya minyoo, kuogeshwa kupe, na kikubwa upasuaji wa kuhasi dume au kufunga kizazi jike. Ukijumlisha ungefanya mwenyewe kwa daktari wa mifugo utaona ulichotoa ni kidogo. Na mtu akigoma kabisa mchango mimi huwa najiuliza siku mbwa akiumwa atatoa hela wapi.

Siku za mwanzo nyumbani. Kwenye vikundi vya namna hii huko Marekani wana kanuni wanaita tatu tatu tatu, na mimi nimeona inafanya kazi hata hapa Mwanga: siku 3 za mwanzo mbwa amechanganyikiwa, anaweza asile, ajifiche chini ya kitanda au nyuma ya mapipa, muache. Wiki 3 anaanza kujua ratiba ya nyumba na hapo ndipo tabia halisi inatoka, hata zile mbaya, watu wengi wanakata tamaa hapa. Miezi 3 ndio anajua hapa ni kwetu. Kwa hiyo msimpeleke mbwa siku ya pili kuonyesha majirani, msimuogeshe kwa nguvu siku ya kwanza, na geti lifungwe muda wote maana mbwa mpya akitoka hajui njia ya kurudi, atajaribu kwenda kwa mlezi wake. Shaba aliwahi kukamatwa njiani akielekea Katubuka.

---

NIMERUDI WAKUU, najibu maswali yaliyoulizwa hapo juu.

Mdau wa Ujiji ameuliza kwa heshima Mwislamu anafugaje mbwa wakati mate yake ni najisi, na mimi namjibu kwa heshima. Ni kweli sisi wengi huku ni madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, chombo alichokilamba kinaoshwa mara saba na moja iwe kwa udongo. Hilo hakuna anayelipinga. Lakini mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda wameruhusiwa, na hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake akasamehewa dhambi zake tumeifundishwa wote madrasa. Kwa undani muulize sheikh wako. Kwa vitendo walezi wanaishi hivi, mbwa ana uwanja wake na bakuli lake, haingii sehemu ya kuswalia, na wapo walezi Waislamu ndani ya kikundi. Sema hilo mapema kwenye maombi, watakutafutia mbwa aliyezoea kukaa nje asiyerukia watu, maana wapo wengine wenye tabia ya kulamba kila mtu na huyo kwako atakusumbua bure.

Aliyeuliza kuhusu kichaa cha mbwa, hili naomba nilikalie. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kama 59,000 wanakufa kila mwaka duniani kwa huu ugonjwa, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na wengi ni Afrika na Asia, watoto ndio wanaoumia zaidi. Dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna cha kufanya. Lakini kabla ya hapo kinga ipo na inafanya kazi. Mtu aking'atwa, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, saa ya ukutani iangalie, sio kumwagia tu, halafu hospitali siku hiyo hiyo akachome sindano na amalize ratiba yote. Msipake mafuta ya taa, msipake pilipili, msisubiri kuona mbwa atakufa au hatakufa. Mbwa wenyewe wanachanjwa kuanzia miezi mitatu na kurudia kila mwaka, kadi itunze. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa 70 kati ya kila 100 kwenye eneo ugonjwa unakata kusambaa, kwa hiyo kila mbwa mmoja aliyepita kwenye kikundi akachanjwa anamlinda hata mtoto wa jirani asiyefuga. Chanjo za kampeni zikitangazwa na halmashauri, mara nyingi karibu na tarehe 28 Septemba ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, pelekeni, msione uvivu wa foleni.

Na nyie mnaopenda vitoto vya Kibirizi, sikilizeni hili. Kitoto cha mtaani kinaweza kuonekana kizima leo, keshokutwa kinaharisha damu na kutapika, ndio parvo hiyo. Kinakufa mbele ya watoto wako na ubaya zaidi virusi vyake vinabaki kwenye udongo wa uwanja wako miezi na miezi, ukileta kitoto kingine bila chanjo nacho kinakwenda. Kwenye kikundi ndio maana mlezi ambaye nyumbani kwake iliwahi kuingia parvo hapewi tena kitoto, anapewa mbwa mkubwa aliyekwisha chanjwa, na sakafu inapigwa jiki iliyochanganywa na maji. Chanjo ya vitoto inaanza wiki ya sita mpaka ya nane na inarudiwa kila baada ya wiki tatu nne hadi afike miezi minne hivi, moja peke yake haitoshi. Wakubwa wa mtaani nao wanakuja na uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa wakipandana, unatoa damu damu, watu wanadhani ni jike liko kwenye joto. Unatibika kwa sindano kwa daktari, na kikundi hakimtoi mbwa mpaka apone. Mwenye mbwa wa kwenda naye porini upande wa Uvinza aangalie pia macho, yakianza kuwa na ukungu mweupe wa bluu na mbwa anakonda, amwambie bwana mifugo kuhusu ugonjwa unaoletwa na mbung'o, asidhani ni uzee.

Chakula. Kaka yangu ameuliza kama lazima anunue chakula cha dukani, hapana. Ugali wa dona na dagaa unatosha kuwa msingi, ongeza maharage yaliyoiva vizuri, mboga, yai ukiwa nalo. Ila dagaa wetu mnajua wengine wanaanikwa chini mchangani, waloweke, suuza maji matatu manne mpaka bakuli lisibaki na mchanga chini, ukiweka kidole ukasikia chembe bado, suuza tena, na wale wa chumvi uwaache. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, inapasuka vijiti vikali vinachoma utumbo. Mboga yenye vitunguu vingi pia hapana, vinaharibu damu ya mbwa. Kuna dada kasema mbwa wake anakula chochote, dada sikukatalii, mbwa anakula chochote kweli na ndio maana anakufa na sumu ya panya.

Kuhusu kumfunga mbwa mnyororo nitasema ninavyoona. Kikundi hakitoi mbwa kwa mtu anayesema atamfunga mchana kutwa, na mimi naunga mkono moja kwa moja. Mbwa wa mnyororo anakuwa mkali kwa kila mtu hata mtoto wa nyumbani, huo sio ulinzi. Mbwa wa ulinzi mzuri ni yule anayejua nani ni wa hapa na nani si wa hapa, na hilo analijua akiishi na watu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo, mbwa wamo humo sawa na ng'ombe na punda, tusidhani ni hisani tu.

Aliyesema yeye hawezi kufuga moja kwa moja kwa sababu anahamishwa mara kwa mara: wewe ndiye tunayekutafuta kuliko wote. Kikundi hakikosi mbwa na wala hakikosi sana watu wa kuwachukua, kinachokosekana ni nyumba za kuwapokea katikati. Nyumba moja ikipatikana mbwa mmoja anatoka barabarani, isipopatikana hata kama una dawa na hela hakuna pa kumlaza. Chanjo na matibabu kikundi kinabeba, chakula mara nyingi mnasaidiana, wewe unatoa uwanja, muda, na macho ya kuandika unachokiona. Na siku anachukuliwa utaumia, nisikudanganye, nimeona mtu mzima mwenye wajukuu akilia getini huku ameshika kamba tupu. Wiki mbili baadaye alipokea mwingine.

Mdau wa Gungu nimeona ujumbe wako, nakujibu usiku nikitoka kazini, ila anza kuongea na mwenye nyumba leo leo. Waliouliza kama wapo sasa hivi: wapo wawili walioachwa Rusimbi, dume na jike, chanjo ya kwanza wameshapata, ya pili bado, kwa hiyo hawatoki kabla ya hapo hata uje na gari. Dume anapenda watoto, jike anataka nyumba tulivu isiyo na mbwa mwingine dume mkubwa. Wengine niulizeni hapa hapa niweze kujibu kwa faida ya wote.